Fankisheni Si Ndoa

Nakumbuka siku niliyosimama mbele ya ubao kule Juru, mwanangu, nikajibu kwa sauti kubwa kuliko wote, na nikakosea kwa sauti ileile. Nakusimulia kwa sababu nimekuona umeinamia hesabu zako na uso umekunjamana, kana kwamba kitabu kimekutukana. Kifunge kidogo. Na simu iweke kando, haitakimbia. Mimi ni bibi yako kwa umri hata kama hatuna undugu wa damu, na neno hilo linalokukosesha raha, fankisheni, lilinitesa mimi kabla mama yako hajaota meno. Nililishinda. Nataka ujue nililishindaje, maana hata leo nikikumbuka najikuta natabasamu peke yangu jikoni.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tumekimbia vita kutoka Fizi, kule Congo, mimi na mama na wadogo zangu, tukapewa kipande cha kujenga na kulima huko Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nyumbani nilikuwa nimefika mwaka wa tatu wa sekondari, kwa Kifaransa, na katika hesabu sikuwa na mpinzani, au ndivyo nilivyojidanganya. Uganda nikaambiwa Kifaransa changu nikiweke pembeni na nianze sekondari upya, mwaka wa kwanza kabisa, pamoja na watoto ambao ningeweza kuwabeba mgongoni. Mama alilipokea jambo hilo kwa maneno machache.

“Mapendo, kuanza tena mu mwaka ya kwanza, hapana. Utamaliza wakati benzako bako na batoto ine. Kama haiwezekane, jembe iko pale.”

Usimlaumu mama yangu. Alikuwa peke yake na shamba la maharage na vinywa vingi, na mikono yangu alikuwa anaihitaji.

Ndipo ikaja habari kwamba shule moja ya masista huko Nyamitanga, Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, ingewachukua wasichana wachache wa kambini na kuwaingiza moja kwa moja mwaka wa tatu. Sharti lilikuwa moja. Msichana asimame mbele ya ubao, mbele ya Sista mkuu, aeleze hesabu atakazoulizwa. Akieleza kwa Kiingereza sawa, akieleza kwa Kiswahili sawa, mradi aonekane anaelewa. Mama alikubali nijaribu mara hiyo moja. Nikishindwa, shule imeisha, tusizungumze tena. Nilimwambia sawa, kwa sababu sikuona namna yoyote ya kushindwa.

Wa kutuandaa alikuwa Mwalimu Tumwine, kijana Mnyankole, mwenyeji wa pande zile, aliyefundisha hesabu katika shule hiyohiyo. Kila Jumamosi alikuja Juru, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Baba yake alikuwa mwanajeshi, naye alikuwa amekulia kambi ya jeshi pale Mbarara, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kikosini. Hata alipokuomba chaki, ungedhani anakuamuru upige magoti.

Jumamosi hiyo alichora mayai mawili makubwa ubaoni. Yai la kushoto aliweka ndani yake mbili, hasi mbili na tatu. La kulia akaweka nne na tisa. Kisha akapiga mishale: mbili iende nne, hasi mbili nayo iende nne, tatu iende tisa. Akageuka.

“Nyinyi wasichana, angalia hii kitu vizuri. Hii ni fankisheni ama hapana?”

Wenzangu walikuwa bado wanakodoa macho. Mimi nikaruka.

“Hapana!”

“Kwa nini hapana?”

“Mwalimu, si unaona? Mbili na hasi mbili zimekwenda kwa nne mumoja. Bwana wawili, bibi mumoja. Huo ni uzinzi!”

Mwanangu, yule kijana alicheka mpaka akaegemea ubao, na shati lake likafuta yai zima la kulia.

Sasa ngoja nikueleze uzinzi huo ulitoka wapi. Kule Fizi shule yetu ilikuwa ya kanisa, na mwalimu wetu, mtu mwema sana, alipoanza kutufundisha fankisheni, sisi tukiita fonksio, alitumia harusi. Kila bwana na bibi yake mmoja, kila bibi na bwana wake mmoja, hakuna anayebaki pembeni na hakuna anayechangia. Sisi watoto wa kanisa tuliielewa haraka sana, na mimi niliipenda kwa moyo wote. Mfano wake haukuwa mbaya. Kuna fankisheni zenye adabu ya namna hiyo, kila kitu na mwenzake wa peke yake. Lakini ni aina moja tu kati ya nyingi, na kabla mwalimu hajafika kwenye aina nyingine, vita vilifika, shule ikafungwa. Nikavuka ziwa na kuvuka nchi nikiwa nimebeba nusu ya somo, nami nikidhani ni somo zima.

“Banange!” Mwalimu Tumwine alishangaa, akipangusa macho. “Nyinyi watu ya Congo munafungisha namba ndoa? Kaa chini, nyabo. Hii ni fankisheni, tena mzuri kabisa. Ukijibu Sista hivi, wewe narudi kulima.”

Sikukaa chini. Nilikuwa na kichwa kigumu wakati huo, na watakaokuambia kimelainika wamekudanganya.

“Mwalimu, unieleze basi. Inakuwaje nzuri?”

“Kila mtu huku kushoto inatoa mshale moja. Moja tu. Kule kulia naanguka wapi, mbili naanguka pamoja, kumi naanguka pamoja, si shida. Umesikia?”

“Nimesikia.”

Nilikuwa nimesikia, ndiyo. Nilikariri kanuni yake neno kwa neno, nikaenda nayo nyumbani, nikaisema nikipalilia, nikaisema nikichota maji. Lakini moyo ulikataa. Kila nilipoona mishale miwili inakutana mahali pamoja, mwili ulinisisimka, nikaona wanaume wawili wamesimama kwenye mlango mmoja. Na kama unadhani mtu anaweza kusimama mbele ya Sista mkuu akatetea jambo ambalo moyo wake haulikubali, basi hujawahi kuulizwa “kwa nini” mara mbili mfululizo. Kwa mara ya kwanza niliogopa. Nililiangalia lile jembe la mama ukutani na nikaona kweli linaweza kuwa langu.

Hapa naomba uwe mvumilivu, maana nahama kutoka ubaoni nakwenda kwenye kwaya. Ni safari fupi na utaiona faida yake.

Kwaya yetu ya Juru ilifundishwa na Papa Wilondja, mzee mrefu, mkali, aliyewahi kuongoza kwaya kule nyumbani na hakuona sababu ya kulegeza kamba kwa vile tu sasa tulikuwa tunaimba chini ya bati la wakimbizi. Hesabu hakuzijua wala hakuzipenda. Kuongoza waimbaji ndiko alikojua. Aliongoza kwa mikono, bila kusema neno, na kwa jambo moja tu la kutunyamazisha alikuwa na ishara tatu. Kiganja kikishuka taratibu kifuani, tulinyamaza. Ngumi ikiinuliwa juu, tulinyamaza. Na mikono yake yote miwili ikiwa na kazi nyingine, aliinamisha kichwa, nasi tulinyamaza vilevile.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Siku ya kwenda kwa Sista mkuu ilipokuwa ikikaribia, Papa Wilondja akaenda Mbarara kumwona binti yake aliyejifungua, akaniachia kwaya mpaka Jumapili. Unajua kijana akiachiwa kitu cha mzee anafanya nini? Anakitengeneza. Nilitazama zile ishara tatu za jambo moja nikaona fujo ileile iliyokuwa ikinikera ubaoni. Nikawaambia waimbaji, kuanzia leo jambo moja litakuwa na ishara moja. Kunyamaza ni kiganja tu. Kichwa hakina maana tena. Na ngumi, kwa kuwa sasa imebaki bila kazi, nitaipa kazi mpya: mkiona ngumi, rudieni kiitikio. Wakaitika ndiyo. Mazoezini mambo yakaenda, kwa kuwa kila mara niliwakumbusha kwa mdomo. Nilijiona nimeleta utakatifu.

Jumapili, kanisa limejaa. Tuliimba vizuri mpaka kiitikio. Nikainua ngumi.

Wanawake wa mbele, niliozoea kuwa nao, wakarudia kiitikio kwa nguvu. Wanaume wa sauti ya nne, kule nyuma, ambao ngumi ile walikuwa wameitii miaka na miaka, wakanyamaza kimya. Sauti ya pili ikagawanyika nusu kwa nusu, na mama mmoja akamkanyaga mwenzake mguu ili anyamaze. Nikataabika. Mikono yote miwili ilikuwa hewani ikijaribu kuwaokoa, basi kwa mazoea nikainamisha kichwa. Wakanitazama. Kichwa si nilikwisha waambia hakina maana? Wakabaki vinywa wazi, wengine wanaimba, wengine hawaimbi, ngoma nayo ikakata tamaa. Mtu mmoja nyuma akasema “Amina” kwa huruma, ili tu jambo hilo liishe.

Na Papa Wilondja alikuwa amekwisha rudi. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, mkoba wa safari bado magotini.

Alinisubiri nje baada ya ibada. Hakupaza sauti, na ningefurahi zaidi kama angepaza.

“Mapendo, ngumi yangu ilikukosea nini?”

“Papa, nilitaka kutengeneza. Ishara zako ziko mingi. Tatu, na zote ni kunyamaza tu!”

“Ndiyo, ziko mingi. Batu ya mbele banaona kiganja. Bale ba nyuma banaona ngumi tu, juu ya bichwa bya benzabo. Na mikono ikiwa na kazi, niko na kichwa. Sasa uniambie. Kwa ishara zangu tatu, ni nani alipotea?”

Nilifikiri. Nilitaka kupata hata mtu mmoja.

“Hakuna mutu, Papa.”

“Na kwa ngumi yako moja?”

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole: sauti ya nne yote, nusu ya sauti ya pili.

“Kanisa nzima ilipotea. Na miye pia, mwenye nilibafundisha.” Akaweka mkoba chini. “Usikie, mwanangu. Mwimbaji haniulize niko na ishara ngapi. Ananiangalia, anauliza jambo moja: Papa, nifanye nini sasa? Kila ishara ninatoa, lazima akuwe na jibu, na ile jibu ikuwe moja. Asipokuwa na jibu, atabaki kinywa wazi. Akikuwa na majibu mbili, atapigana na mwenzake. Lakini ishara tatu zikimuambia kitu moja, yeye iko na shida gani?”

Mwanangu, nilichuchumaa palepale, na sare yangu ya kwaya, nikaokota kijiti. Nikachora yai kushoto na yai kulia kwenye udongo. Kushoto nikaweka kiganja, ngumi na kichwa. Kulia nikaandika neno moja, kunyamaza. Nikapiga mishale mitatu, yote ikakutana mahali pamoja.

Ilikuwa picha ileile. Ilikuwa picha ya Mwalimu Tumwine, niliyoiita uzinzi mbele za watu, na sasa ilikuwa imekaa pale chini, safi, haina kosa lolote. Kisha nikachora picha yangu mimi: ngumi kushoto, na kutoka kwake mishale miwili, mmoja kwenda kunyamaza, mmoja kwenda kurudia. Na kichwa peke yake, hakina mshale hata mmoja. Makosa yote mawili ambayo yanaweza kuharibu fankisheni nilikuwa nimeyafanya kwa wimbo mmoja!

Kumbe swali si nani anakutana na nani kule mwisho. Swali ni la huyu anayeanza safari. Je, kila mmoja ana pa kwenda? Je, ana mahali pamoja tu pa kwenda? Yakijibiwa hayo, basi, umemaliza. Wakifika wakakuta wenzao wameshafika, wasalimiane.

Nilipiga kelele nikaruka juu. Papa Wilondja alirudi nyuma hatua kadhaa, akadhani amenikaripia mpaka nimechanganyikiwa.

“Papa, ni fonksio! Wewe uko na fonksio!”

“Miye? Sina kitu kama hiyo,” akasema, na akajipapasa kifuani kwa wasiwasi.

Nilikimbia nyumbani nikipita katikati ya mistari ya maharage ya watu. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuipima. Ile kanuni niliyokuwa nimeimeza kama dawa chungu sasa ilikuwa yangu. Hakuna aliyekuwa amenipa. Nilikuwa nimeiona.

Siku ya Nyamitanga ikafika. Tulikaa kwenye benchi, wasichana wa kambini, tumepaka mafuta mpaka magoti yanang'aa. Sista mkuu alikuwa Mnyankole wa makamo, mpole wa sura, lakini macho yake yalikuwa hayakosi kitu. Kiswahili alikijua kidogo sana, kwa hiyo Mwalimu Tumwine alisimama ubaoni kuuliza na kutafsiri. Aliponiita, aliniita kwa sauti ya chini, si ile ya kikosini. Alikuwa ananionea huruma.

Akachora mayai yale. Mbili kwenda nne, hasi mbili kwenda nne, tatu kwenda tisa.

“Fankisheni ama hapana?”

“Fankisheni,” nikasema.

Nyusi zake zikapanda. Akafuta, akageuza mishale yote, sasa inatoka kulia kwenda kushoto. Nne ikatoa miwili, mmoja kwa mbili, mmoja kwa hasi mbili.

“Na hii?”

“Hapana. Hii si fankisheni.”

Sista akasema jambo kwa Kiingereza, na Mwalimu akanigeukia. “Sista nasema, mishale ni ileile, namba ni ileile. Kwa nini ile ya kwanza ndiyo na hii hapana? Nasema pengine wewe nakariri.”

Nikaanza kueleza. Mwalimu akatafsiri, lakini nikaona maneno yanafika kwa Sista yamechoka njiani. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama tunavyofanya sote tukisikia kitu tusichokishika.  Ahadi yangu kwa mama, jembe lile, shule yangu yote, vilikuwa vinaning'inia pale.

Nikaweka chaki chini. Nikawageukia wasichana wa benchi.

“Simameni. Muimbe laa, sauti yoyote. Mukiona kiganja kinashuka, munyamaze. Mukiona ngumi, munyamaze vilevile.”

Wakanitazama kama mwendawazimu, lakini wakasimama. Wakaimba. Nikashusha kiganja, kimya. Wakaanza tena. Nikainua ngumi, kimya tena, pamoja kabisa, hata mimi nilishangaa.

“Sasa nabadilisha. Mukiona ngumi, munyamaze na mupandishe sauti.”

“Tufanye gani?” mmoja akauliza.

“Yote mawili. Muimbe!”

Nikainua ngumi. Wawili wakanyamaza, mmoja akapiga ukelele wa kupasua dirisha, mwingine akaanza kucheka, na yule aliyeuliza akaniuliza tena, sasa kwa hasira, “Lakini tufanye gani?” Sista alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alipotulia alinyoosha kidole kwenye mishale ya nne iliyogawanyika, kisha akanyoosha kidole kwa yule msichana aliyekuwa anauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Hatukuhitaji mkalimani.

Ungedhani imeisha. Haikuisha. Sista alimnong'oneza Mwalimu, na Mwalimu akachora msalaba wa mistari miwili, mmoja umelala, mmoja umesimama. Juu ya msalaba ule akachora duara.

“Hii je?”

Mwanangu, swali hilo sikuwahi kufundishwa, si Fizi, si Juru. Hakukuwa na mayai wala mishale, wala jambo la kukariri.  Kisha nikajiuliza lile swali la mwimbaji. Nani anaanza safari hapa? Namba za mstari uliolala. Kila moja inasimama pale chini inauliza: jibu langu ni lipi? Nikachukua rula ndefu ya Mwalimu, nikaisimamisha wima juu ya namba moja. Rula ikakata duara mara mbili, juu na chini.

“Si fankisheni,” nikasema. “Namba hii inauliza swali moja inapewa majibu mawili.”

Mwalimu Tumwine akafungua mdomo kutafsiri. Nikamzuia kwa mkono, Mungu anisamehe, maana nilikuwa bado nina la kusema. Nikachukua kifutio nikafuta nusu ya chini ya duara, ikabaki ile ya juu kama upinde. Nikapitisha rula taratibu kutoka kushoto mpaka kulia, na kila mahali ilikata mara moja tu.

“Sasa ni fankisheni. Hizi namba mbili za huku na huku zinapata jibu moja pamoja, na hakuna ubaya. Na zile zilizo nje ya upinde, ambazo hazina jibu, hatukuziita kwenye kazi hii. Tunasema mapema nani tumemwita.”

Mwalimu alitafsiri polepole. Sista mkuu alisimama. Akaja mpaka mbele yangu, mimi niliyejaa vumbi la chaki, akanishika mikono yote miwili.

“Webare, mwana wangye,” akanishukuru kwa lugha yake. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kidogo, neno moja moja, ili nilisikie mwenyewe bila kutafsiriwa: “Wewe. Mwaka ya tatu.”

Sikulia. Nilitaka, lakini Mwalimu Tumwine alisimama wima ghafla akapiga amri ya gwaride, “Mbele, tembea!”, nami nikatoka chumbani kwa mguu wa kushoto, mikono inarushwa juu, na wasichana wote nyuma yangu wakipiga makofi. Nilitembea hivyo uwanja mzima. Watu waliokuwa barabarani walisimama kutazama, na nilitaka watazame.

Juru, mama alinisikia kabla hajaniona. Alipiga vigelegele peke yake kwanza, kisha majirani wakampokea bila hata kujua habari ni nini. Papa Wilondja alikuja jioni. Akasema, “Vizuri. Sasa unirudishie ngumi yangu.” Nikairudisha mbele ya kwaya nzima, na nikaomba radhi, na tukaimba mpaka pumzi ikatuishia.

Leo nakaa hapa Nyamityobora, Mbarara, na miaka mingi nimefundisha hesabu: watoto wa wanajeshi wa kambini, watoto wa Nakivale, watoto wa wenyeji. Kila mwaka nachora mayai yale, na kila mwaka mmoja anaruka na kupiga kelele “Hapana!” kwa uhakika wote wa dunia. Nampenda palepale. Simwambii akae chini. Namuuliza anaona nini.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana umri wangu unaniruhusu kusema wazi. Ukipewa uhusiano wowote, wa mishale au wa mistari, usikimbilie kutazama unakoishia. Anza na wanaoanza. Uliza nani tumemwita. Uliza kama kila mmoja wao amepata jibu. Uliza kama jibu lake ni moja. Wengi wakifika pamoja, waache wakae pamoja, hilo halivunji kitu. Mmoja akipewa njia mbili, hapo simama ukatae, hata kama aliyechora ni mkubwa wako. Na mfano uliofundishwa nao utotoni, mheshimu aliyekupa, lakini usiufanye kuwa somo zima. Kuna siku utakutana na duara, na hakuna mtu atakayekuwa amekuonyesha. Siku hiyo, kama ulikariri, utakuwa peke yako. Kama ulielewa, utaomba rula.

Na nje ya darasa la hesabu, fanya vivyo hivyo kwa wanaokutegemea. Mdogo wako akikuuliza swali, asiondoke na majibu mawili.

Haya, fungua kitabu. Mungu wa waliovuka mipaka akutangulie mpaka mbele ya ubao. Akupe kichwa kigumu cha kutosha kuuliza, na moyo laini wa kutosha kusahihishwa. Siku utakayoelewa isikupite kimya, upige kelele mpaka majirani wasikie. Nami nikiwa hai nitakupokea kwa vigelegele, bila hata kuuliza ni kwa nini.